Mwalimu na Maneno ya Mamake

Katika maandishi haya nitamwita Mwalimu tu. Asije mtu akadhani namficha kwa stara, maana stara ya aina hiyo ndiyo iliyotutia taabuni sote, kama mtakavyoona. Jina analo, na liko mahali ambapo mtu yeyote duniani aweza kulifungua akalisoma. Nitafika huko. Ila yeye mwenyewe aliniambia nikimwandika nisimtaje, na mimi nimebishana naye maisha yangu yote sijashinda hata mara moja, kwa hiyo na hili nimemwachia.

Alifundisha hesabu katika shule ya sekondari pale Faza mpaka alipostaafu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, kisha jirani yake, kisha karani wake. Watu wa nje wakisikia kwamba bibi mstaafu wa kisiwa cha Pate aliirekebisha programu inayotumiwa na mafundi wa kompyuta ulimwengu mzima, hucheka kidogo, kile kicheko cha adabu. Siku hizi sikivumilii tena kicheko hicho. Nawauliza kama alivyokuwa akituuliza yeye: umepima, au umedhani?

Hilo lilikuwa swali lake la kila siku. Ukimwambia leo joto limezidi la jana, umepima au umedhani? Ukimwambia samaki wa Ndau ni watamu kuliko wa Faza, umepima au umedhani? Sisi wasichana tulimwita kwa siri Bi Mizani. Kumbe alijua. Siku moja aliandika ubaoni hesabu ya mwanamke aliyekwenda sokoni, na mwanamke huyo akampa jina la Bi Mizani, kisha akatugeukia, akatutazama mmoja mmoja, akingoja nani atacheka wa kwanza. Nilicheka mimi. Nikapewa hesabu hiyo niifanye mbele ya wote.

Nyumbani kwake alikuwa na sheria kwamba hapana tambuu karibu na kompyuta. Sheria hiyo ilituhusu sisi wengine. Yeye alitafuna akiandika, na herufi mbili tatu za upande wa kulia zilikuwa zimeshika wekundu usiotoka hata kwa spiriti. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mkono wa pili, nzito, imepasuka pembeni, na betri yake haikuweza kuishika saa nzima. Ilipata joto upesi, kwa hiyo aliiweka juu ya mbuzi ya kukunia nazi, meno yake ameyafunga kitambaa, ili upepo upite chini. Yeye alikaa kwenye mkeka, mbuzi mbele yake, miwani imefungwa uzi wa jarife la kuvulia nyuma ya shingo. Ukimwambia kompyuta hiyo imezeeka, atakujibu neno moja na hatalirudia: "Mashine yangu haina neno."

Kazi iliyotukutanisha ilikuwa kamusi. Kikundi cha watu wa Faza kiliamua kukusanya maneno ya wanawake wa Faza, Chundwa na Ndau: ya ukili na mikeka, ya jikoni, ya uzazi, ya kuokota chaza maji yakitoka. Chuo kimoja cha bara kilikubali kuichapa. Kiongozi wa kikundi alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Bwana Katibu, mtu mpole, mwenye kanzu safi na woga mwingi. Mimi kazi yangu ilikuwa kupanda pikipiki na kinasa sauti changu, kwenda kwa wanawake, kusikiliza, kurudi na kuandika. Mwalimu alikuwa mtunzaji.

Na alichagua kutunza kwa njia yake. Aliitafuta programu moja ambayo mafundi wa kompyuta huitumia kuhifadhi kazi zao. Kila ukiongeza au ukibadilisha kitu, programu hiyo huliweka badiliko kama tabaka juu ya tabaka, na kwenye kila tabaka huandika jina la aliyelileta na wakati alipolileta. Hakuna kinachopotea. Ukitaka kujua neno fulani liliingia lini na kwa mkono wa nani, unaiuliza, inakujibu. Bwana Katibu alipouliza kwa nini tusiandike tu kwenye daftari kubwa, Mwalimu alimwambia daftari halijui nani amesema.

Mwanamke wa kwanza kutupa maneno alikuwa mamake Mwalimu. Alikuwa mkongwe, amekaa na chane zake za ukindu, vidole vinasuka bila yeye kuvitazama, na maneno yanatoka. Kulikuwa na jina la kila aina ya ukili, ule utepe wa kusukwa unaoshonwa kuwa mkeka, la kila kosa la msukaji, hata la ule mkono wa mwanagenzi unaovuta sana upande mmoja mpaka mkeka ukapinda. Nilikwenda kwake kila asubuhi kwa miezi. Siku ya kwanza kabisa nilimuuliza niandike jina gani.

Akacheka, akajifunika mdomo kwa upindo wa leso. "Ina langu la nini, mwanangu? Andika lako."

Anayetoka kwetu hahitaji kuelezwa. Mwanamke wa watu hatajwi kwa jina mbele ya wanaume. Ni Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kiume, au ni "watu wa nyumbani". Bwana mwenyewe akiwa barazani na wenzake husema "nyumbani wamepika", kana kwamba kuta ndizo zilizokuna nazi. Mimi nikaona namtunzia heshima yake. Nikaandika jina langu. Kwa wa pili nikafanya vivyo hivyo, na wa tatu, na kila mmoja alishusha pumzi akifurahi. Kamusi ikajaa, tabaka juu ya tabaka, na kwenye kila tabaka jina ni langu. Mwalimu aliyapitia maneno, majina akaniachia mimi.

Nami nitasema kweli: nililipenda. Watu wa chuo walipoifungua kazi yetu waliniandikia barua ya kunipongeza, wakaniita mtafiti. Niliisoma barua hiyo mara nyingi kuliko inavyomstahiki mtu mzima.

Kisha mamake Mwalimu akafariki. Kipaza sauti cha msikiti kilitangaza kwamba amefariki mamake bwana fulani bin fulani, na bwana huyo ni kaka yake Mwalimu, anayeishi Mombasa. Watu wakaja, wakazika, wakasoma hitima, na kwa siku zote hizo sikusikia mtu akilitaja jina la marehemu. Sikuona ajabu yoyote. Ndivyo tunavyozikana.

Arubaini ilipopita Mwalimu aliniita. Nilimkuta amekaa mkekani, kompyuta juu ya mbuzi, na hakunitazama.

"Nimeiuliza mashine," alisema, "nioneshe yote yaliyotoka kwa mamangu. Imenambia hapana mtu huyo."

Nikaeleza. Nikasema alinikataza mwenyewe, alisema niandike langu.

"Nayua alikwambia. Yeye alikuwa na haya. Wewe ulikuwa na nini?"

Nilisimama pale nikiona aibu iliyonishika mpaka miguuni. Chuo kilikuwa kimekwisha kutuambia kwamba orodha ya wenye maneno wataitoa kwenye matabaka yale yale kama tutakavyoyaleta, na kwamba kazi ikishapokelewa baada ya Idi Kubwa haitaguswa tena. Maana yake ni kwamba kitabu kitatoka, kitawekwa kwenye maktaba za watu, na mwanamke aliyekijaza nusu yake atakuwa hakupata kuwapo. Mwalimu alitaka maneno ya mamake yarudi kwa mamake kabla ya Idi hiyo. Hakutaka kingine.

Ile programu inayo njia ya kurudi nyuma na kuirekebisha historia. Unashuka mpaka tabaka unalolitaka, unalibadilisha, kisha programu inayapandisha tena yote yaliyokuwa juu yake, moja moja, kwa mpangilio ule ule. Kwetu ilitubidi kuanzia tabaka la kwanza kabisa, na mengine tuyapasue, kwa sababu siku nyingine niliyachanganya maneno ya wanawake watatu nikayaingiza pamoja. Tukaianzisha baada ya sala ya alfajiri. Ilipoadhiniwa alasiri haijafika hata robo, na umeme wa Faza ukakatika. Betri ikakata roho. Tukaanza upya kesho yake, ikawa vile vile. Mara ya tatu ni kompyuta iliyopata joto ikajizima yenyewe.

Nilimwambia tuipeleke kazi Mombasa kwa kijana yeyote mwenye mashine ya kisasa.

"Neno la mamangu halendi Mombasa kutafuta ina lake," alisema. "Na mbona ichelewe? Umepima inatumia wakati wake wapi, au umedhani?"

Akapima. Hii ndiyo sehemu ambayo watu hawaiamini, kwa hiyo naieleza taratibu. Programu hiyo imeandikwa wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma utumbo wake. Mwalimu alijifundisha lugha yake kwa vitabu na kwa mtandao wa simu yangu, akiwa amepita sitini, na akaweka alama ndani yake zinazosema saa ngapi imefika wapi. Mwezi mzima alikuwa na karatasi zilizojaa tarakimu ukutani, palipokuwa na kalenda. Kisha siku moja, mchana wa jua kali, alinigongea mlango akiwa ameshika ukili mkononi.

"Ndoo nikuoneshe ujinga," alisema, yaani njoo.

Akanieleza hivi. Ukigundua kosa katikati ya mkeka, unafumua mpaka kwenye kosa, unarekebisha, unashona tena ukili kwa ukili. Kazi yote iko mapajani mwako. Lakini programu ile ilikuwa ikishona ukili mmoja, inasimama, inautandaza mkeka wote uwanjani kama wageni wamefika, inaukagua pembe zote nne, inaukunja, kisha ndipo inashona ukili wa pili. Yaani kila ilipopandisha tabaka moja, iliyaandika mafaili yote kwenye diski, kisha ikayafuta ili iyaandike tena. Kwa mashine mpya, diski ni ya haraka na mtu haoni. Kwa mashine ya Faza, ndiyo hiyo siku nzima.

"Sasa mimi nitaishonea mapajani," alisema. "Mkeka utatandazwa mara moya, ukisha."

Watunzaji wa programu hiyo wako kote duniani na huzungumza kwa barua zinazosomwa na wote. Mwalimu aliwapelekea marekebisho yake. Nilimsaidia Kiingereza, ingawa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alitaka tu nifute hasira, na hata nusu yake sikufanikiwa kufuta. Wa kwanza kujibu alisema, kwa adabu, kwamba hapana mtu anayefanya kazi kubwa hivyo kwenye mashine ya zamani namna hiyo.

Mwalimu akajibu kwa mstari mmoja kwamba yupo, na ni yeye.

Wa pili akasema ingekuwa rahisi zaidi kukodi mashine ya mbali kwa saa chache. Huyo alipelekewa jedwali la vipimo, ukurasa mzima, na chini yake maneno haya: kitu kinachopoteza wakati kwenye mashine yangu kinapoteza na kwenye yako, ila wewe huoni kwa sababu umeshiba. Nilimsihi aliondoe neno la kushiba. Hakuliondoa. Jambo la ajabu ni kwamba huyo huyo ndiye aliyegeuka akawa mtetezi wake, akapima kwenye mashine yake mpya akakuta kweli.

Msidhani alikuwa mtu wa kushinda tu. Wa tatu wao alimkamata na kosa la haki kabisa. Alisema: ukiyaweka yote mapajani, na umeme ukakatika katikati, si umepoteza yote? Mwalimu wa Faza, aliyekatikiwa umeme mara ngapi sijui, hakulifikiria hilo. Nilimwona akiisoma barua ile. Akaifunga kompyuta, akatoka nde kama tunavyosema, akawatupia kuku mtama uliotosha kuku wa mtaa mzima. Akarudi akaandika maneno mawili, kwamba amesema kweli. Akakaa majuma mawili akairekebisha ili kila baada ya matabaka kadhaa iache alama ya mahali ilipofika. Lakini kwangu alinuna siku nne, kana kwamba ni mimi niliyemkosoa.

Kinyume kingine alichokuwa nacho ni hiki. Mwanamke huyu aliyewajibu mafundi wa dunia nzima bila kupepesa, hakupata kukaa chumba kimoja na mwanamume asiye maharimu wake nyumbani kwake. Bwana Katibu alipokuja, alikaa ukumbini kwenye kiti, na Mwalimu alikaa nyuma ya pazia. Ugomvi mkubwa kuliko wote niliopata kuusikia Faza ulipita kwenye kitambaa cha maua.

Bwana Katibu alikuwa amesikia tunataka kuyatia majina. "Bi Mwalimu," alisema, "mimi na wewe twaheshimiana. Maina ya wake za watu hayatangazwi. Kesho mtu ataliona ina la mamake kwenye simu ya kila mtu, atakuya kwangu."

"Wakeze Mtume mwawataja mimbarini kwa maina yao, mmoja mmoja, kwa vipaza sauti," pazia likajibu. "Mwawaombea radhi. Hapana aliyekuya kwako kwa hilo. Mamazenu ndio wasiotajika? Wana haya zaidi ya wale?"

"Hilo ni lingine."

"Umepima, Bwana Katibu, au umedhani?"

Akanitazama mimi, kwa kuwa pazia hakuweza kulitazama. Akasema kwamba bila ya idhini ya kila mwanamke yeye hatatia sahihi, na kazi haitakwenda chuoni. Nilidhani Mwalimu atalipuka. Akasema hapo amesema haki, na kwamba tutakwenda kuuliza.

Tukaenda. Yeye nyuma ya pikipiki moja, mimi nyuma ya nyingine, buibui limefungwa kiunoni lisinaswe na gurudumu. Chundwa tulikaa siku mbili. Wengine walikataa, na Mwalimu hakuwasukuma hata kidogo. Aliandika "mwanamke wa Chundwa, jina amelizuia mwenyewe", akasema kuzuia nako ni neno la mtu. Wengine walilitaja jina kwa sauti ndogo kama wanaliazima. Bibi mmoja wa Chundwa aliuliza herufi zitakuwa na ukubwa gani. Akasema: "Liandike kubwa. Na la babangu, na la babuye. Mimi si mtoto wa ndiani." Yaani hakuokotwa njiani. Tukavuka bahari hadi Ndau, kule hakuna aliyekataa ila mmoja, na huyo alitutumia mtu baadaye kusema amebadili nia.

Wa mwisho alikuwa Faza, mamake Bwana Katibu. Mimi nilitaka tumruke. Mwalimu alinitazama mpaka nikabisha hodi. Yule bibi alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ni kweli mwanawe ndiye anayepinga.

"Ana haya na ina langu?" alisema. "Mimi ndiye niliyempa lake."

Sijui walizungumza nini mama na mwana, lakini Ijumaa ile sahihi ilikuja bila ya maneno.

Likabaki moja, na lilikuwa gumu kuliko yote. Nililisema mimi, kwa sababu nilikuwa nimechoka na safari na kwa sababu, nakiri, bado nilikuwa na uchungu wa jina langu. Nilisema: "Mwalimu, hawa wote tumewauliza. Na mamako je? Yeye alikataa. Alinambia kwa mdomo wake niandike langu."

Siku mbili mlango wake ulikuwa umefungwa, na Idi imebaki majuma matatu. Niliona nimemfanyia ukatili, na wakati huo huo niliona nimesema haki, na mambo hayo mawili hayakunipa raha.

Siku ya tatu aliniita. Alikuwa ameutandaza msala wa mamake, mkeka mdogo wa kusalia ambao bibi aliusuka mwenyewe na hakupata kumwazima mtu. Kwetu wasukaji hodari huweza kutia herufi ndani ya mkeka kwa ukindu uliotiwa rangi, na msala ule ulikuwa na jina la Mola mbele, hilo nililiona mara nyingi. Mwalimu akaugeuza. Upande wa chini, pembeni, pale panapoelekea magoti, kulikuwa na mstari mdogo mweusi wa herufi za Kiarabu. Lilikuwa jina la mamake, na jina la mama yake yeye.

"Asiyetaka ina lake lisomwe halisuki," alisema. "Alilitia. Wewe alikujibu alivyofunzwa. Hili alilisema alipokuwa peke yake."

Sijui kama huo ni ushahidi mbele ya kadhi. Bwana Katibu alipoelezwa alitikisa kichwa tu, hakusema ndiyo wala siyo. Kwangu ulitosha, na nikalia palepale juu ya msala wa watu. Yeye hakulia. Aliniambia nisiumwagie chumvi ukindu wa mamake.

Tuliiendesha siku hiyo hiyo, mchana, kwa programu yake mwenyewe ambayo wale wa mbali walikuwa bado wanaijadili. Aliinjika wali jikoni, akaja akabonyeza, akarudi kuchochea. Nilibaki nikiyatazama matabaka yakipanda, na kila moja likishuka kutoka kwangu na kwenda kwa mwenyewe: wa Chundwa, wa Ndau, wa Faza. Umeme ulikatika kama kawaida yake. Betri ikashika. Nilimwita.

"Imekwisha."

"Umepima?"

"Wali haujaiva."

Akaja na mwiko mkononi. Akaiuliza mashine swali lile lile la siku ile, imwoneshe yote yaliyotoka kwa mamake. Yakaja mengi mpaka yakawa yanapita juu ya kioo na kupotea, na yeye amesimama, mwiko unadondosha tui sakafuni. Wali uliungua. Tuliula hivyo hivyo, ukoko na yote.

Jina langu lilibaki pale linapostahiki: kwenye makosa ya kuandika niliyoyafanya mimi na kuyasahihisha mimi. Chuo kilipoipokea kazi kilituma barua kuuliza kwa nini mtafiti ametoweka. Niliijibu mwenyewe. Nilisema hakuwahi kuwapo.

Miaka imepita kidogo. Mwalimu alihamia Ndau kwa binti yake, macho yakamwingia ukungu, na daktari wa Lamu akamwambia jicho moja halitarudi. Nilikwenda kumwona mwaka huu, mashua ya asubuhi, nimebeba kitabu na kompyuta yangu. Nilimkuta amekaa ndani, karibu na pazia la mlango, anasuka. Ukili ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula.

Nilikuwa na habari. Wale watunzaji walikuwa hatimaye wameyapokea marekebisho yake, baada ya kuyarudisha mara nane, na toleo jipya la programu limetoka nayo. Na programu hiyo nayo inatunza historia yake kwa njia ile ile, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lina mwenyewe. Nilikuwa nimelitafuta lake nikalipata. Kwenye mashine ya kila fundi anayeichukua, Nairobi, Uchina, popote, tabaka hilo limo na jina lake limo. Lakini jina alilojiandikisha lilikuwa lake, kisha la mamake. La babake halikuwamo.

Nilimuuliza mbona hivyo.

"Babangu ameitwa tangu kuzawa hata kuzikwa," alisema. "Ameshiba. Isome."

Nikafungua, nikasoma.

"Mbona wanong'ona? Barazani kuna watu?"

Nilichungulia. Walikuwepo wazee wanne wanangoja mashua, na mmoja wao nilimjua, mtu wa Faza, rafiki wa nyumba yao tangu utoto wake.

"Wako, Mwalimu. Wanaume."

"Basi soma wakusikie."

Nikasimama karibu na pazia, nikasoma kwa sauti, jina lake na jina la mamake. Mazungumzo ya nje yakakatika. Kisha yule mzee wa Faza akauliza, kwa upole tu, kama mtu aliyesikia jina la mgeni: "Ni nani huyo wa pili anayetajwa?"

Mwalimu akauweka ukili chini.

"Ni mamangu," alisema. "Umekula wali wake tangu una meno ya utoto, na ina lake huliyui."

Akanigeuzia uso, lile jicho jema likinitafuta.

"Soma tena," alisema, na nikasoma.